Barabara Namba Moja ya California: Imefunguliwa, Lakini Swali Limebaki Palepale

Katikati ya Januari 2026 magari yaliruhusiwa tena kupita moja kwa moja Big Sur, pwani ya milima mikali katikati ya California, kutoka Carmel upande wa kaskazini hadi Cambria upande wa kusini, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Kipande cha mwisho kilichokuwa kimefungwa, kama kilomita 11 hivi za Barabara Namba Moja ya Jimbo la California, kilikamilika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Wenye hoteli na migahawa ya pwani ile walikuwa na kila sababu ya kushangilia, maana miaka mitatu ya kuishi mwisho wa njia isiyo na mpita njia si mchezo. Picha za Daraja la Bixby zikasambaa mitandaoni, na habari ikaandikwa karibu kila mahali kwa mtindo mmoja: mlima uliporomoka, wahandisi wakapambana, barabara ikashinda.

Nadhani habari hiyo imesomwa vibaya. Kilichokwisha Januari ni kazi ya kudhibiti poromoko moja. Tatizo lenyewe liko palepale, na sehemu yake kubwa haimo mlimani, imo katika namna California na serikali kuu ya Marekani zinavyoamua na kulipia mambo ya barabara hii. Fedha huja haraka mlima ukishashuka, na huja kwanza kwa ajili ya kurudisha njia ilipokuwa. Kuketi mapema, jua likiwaka, na kuamua kipande gani kihamishwe, kipi kipitishwe kwenye handaki, kipi kijengewe daraja na kipi kikubalike kuwa kitafungwa kila msimu mbaya wa mvua, hilo halina mfuko wala mwenyewe. Kwa hiyo kila uamuzi mkubwa kuhusu barabara hii hufanywa siku ambayo ni vigumu zaidi kuamua vizuri.

Barabara yenyewe ina urefu wa takriban kilomita 1,055. Inaanzia Dana Point, kusini ya Los Angeles, inafuata bahari ya Pasifiki kupitia Malibu, Monterey na San Francisco, na kuishia Leggett, kijiji cha msituni kaskazini inakokutana na Barabara Kuu ya 101. Hakuna barabara ya jimbo iliyo ndefu kuliko hiyo California. Lakini umaarufu wake umetoka hasa kwenye kile kipande cha Big Sur, ambako milima ya Santa Lucia inapanda moja kwa moja kutoka majini. Kilele cha Cone Peak kina mita 1,571, na kiko kama kilomita 5 tu kutoka ufukweni. Miamba ya huko wanajiolojia huiita ya Franciscan, nayo ni mchanganyiko wa mawe yaliyosagwa na kukunjwa na msukumano wa mabamba ya ardhi. Pengine ni jabali gumu, na hatua chache mbele ni udongo uliopondeka usioweza kubeba hata uzito wake wenyewe. Mawimbi yanakula mguu wa mlima kutoka chini, mvua inaingia kwenye nyufa kutoka juu. Mlima huo ulikuwa ukiporomoka karne nyingi kabla mtu yeyote hajawaza kupitisha lami.

Walioiwaza walikuwa na sababu zao. Mwaka 1894 meli iitwayo Los Angeles ilizama karibu na Point Sur, na daktari wa Monterey, John Roberts, akapanda kwenda kuwahudumia manusura kwa njia mbovu ya pwani. Tangu hapo akawa mpiga debe wa barabara ya kisasa, akaipima kwa miguu, akaipiga picha, akaizungumza kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Mwaka 1919 wapiga kura wa California waliidhinisha dola milioni 1.5 kwa ajili ya ujenzi. Kazi ilianza mapema miaka ya 1920 na njia ikafunguliwa Juni 1937. Sehemu kubwa ya nguvu kazi ilitoka gereza la San Quentin: wafungwa waliwekwa kwenye kambi za muda kandokando ya njia, wakilipwa senti 35 kwa siku na kupunguziwa vifungo. Mlima ulipasuliwa kwa baruti, na kifusi kikasukumwa upande wa bahari.

Hapo ndipo inapozaliwa hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, nayo inasikika sana: kwamba wazee wa zamani, kwa baruti na majembe, walijenga njia nzima, na wahandisi wa leo wenye setilaiti na kompyuta wanachukua miaka mitatu kutengeneza kilomita chache. Hoja hii inachekesha watu, inapendwa, lakini haisimami. Kwanza, wazee hao walichukua takriban miaka 18 tangu kura hadi kukata utepe. Pili, kile walichojenga hakikuwahi kutulia: tangu 1937 kipande cha Big Sur kimefungwa zaidi ya mara 50, mara nyingine kwa siku chache, mara nyingine kwa zaidi ya mwaka. Tatu, na hili ndilo kubwa, namna walivyojenga ni sehemu ya ugonjwa wa leo. Kukata mguu wa mteremko ambao tayari ulikuwa umesimama kwa shida ni kuondoa kile kilichokuwa kikiuzuia usishuke, na kumwaga kifusi upande wa bahari ni kuacha rundo lililo huru juu ya mteremko mwingine. Kila kizazi cha wahandisi tangu hapo kimekuwa kikilipa deni la kasi ile ya baruti.

Wala hakuna tena anayeruhusiwa kufanya kazi vile. Tangu mwaka 1992 maji ya pwani hiyo ni hifadhi ya bahari ya taifa, Monterey Bay, na kusukuma udongo majini si jambo la kuamuliwa na msimamizi wa zamu. Maisha ya mfanyakazi nayo yana thamani nyingine: katika kusafisha poromoko la mwaka 1983, lililofunga njia kwa zaidi ya mwaka mmoja, mwendesha buldoza mmoja alipoteza maisha. Poromoko la Regent's, lile la Machi 2024 ambalo ndilo lililokuwa kizuizi cha mwisho, lilianzia juu sana mlimani, kwa hiyo mafundi walilazimika kuanza kuchimba juu na kushuka ngazi kwa ngazi. Palipoonekana pametulia, mlima ulisogea tena na kazi ikasimama. Zikaletwa buldoza na mashine za kuchimba zisizo na dereva ndani. Mwendeshaji anasimama mbali ameshika kisanduku cha vitufe, anaitazama mashine yake ikifanya kazi kwenye mteremko ambao hakuna mwajiri mwenye akili timamu angeruhusu mtu aukanyage. Kisha mteremko ukatobolewa na kupandikizwa nondo nyingi za chuma ili tabaka la juu lishikane na mwamba wa ndani. Anayesema huo ni uzembe hajautazama mlima huo.

Hata hivyo sifa kwa mafundi zisitufiche orodha. Mwanzoni mwa 2017 maporomoko yalilivunja Daraja la Pfeiffer Canyon, na wakazi wa kusini yake wakajikuta wamefungiwa kati ya pengo na maporomoko mengine, wakaanza kuliita eneo lao kisiwa. Watoto walipita njia ya miguu msituni ili kufika shuleni. Mei mwaka huohuo mlima wa Mud Creek ulishuka wote kwa pamoja, ukaizika barabara na kuongeza rasi mpya baharini. Ilichukua miezi 14 na dola milioni 54 kupitisha njia juu ya kifusi chenyewe. Mwaka 2020 moto wa Dolan uliunguza milima, na Januari 2021 mvua ikashusha majivu, magogo na mawe kupitia bonde la Rat Creek. Kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, ikaziba, maji yakajaa, barabara ikakatika na kwenda baharini. Januari 2023 likaja poromoko la Paul's. Kabla halijamalizika, Machi 2024 likashuka la Regent's, na mwisho wa mwezi huohuo upande mmoja wa njia pale Rocky Creek, karibu kabisa na Daraja la Bixby, ukamegeka na kudondoka, na magari yakawa yanapitishwa kwa msafara upande uliobaki. Hii si ajali iliyojirudia kwa bahati mbaya. Ni tabia ya mahali.

Kutokana na orodha kama hiyo, wapo wanaosema: iacheni. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mizigo ya California haipiti hapa. Malori yanatumia Barabara Kuu ya 101 na ile ya 5, na hata mwenye gari dogo anayetaka kufika Los Angeles kutoka San Francisco haraka hapiti Big Sur. Wakazi wa kudumu wa kipande hicho ni watu wachache, pengine hawazidi elfu mbili. Jimbo lina shule, nyumba na njia nyingi mbovu mijini zinazosubiri fedha hizohizo. Kwa nini mamilioni yaende kwenye njia ambayo wengi wanaipita mara moja maishani, wakisimama kupiga picha? Ukiitazama barabara kama chombo cha usafirishaji tu, hesabu hiyo ni ngumu kuipinga.

Lakini barabara hii haijawahi kuwa chombo cha usafirishaji tu, na wanaotaka iachwe huwa hawasemi nini kitafuata. Kati ya Carmel na Cambria kuna zaidi ya kilomita 150, na njia ya lami inayovuka milima kwenda bara ni moja, Nacimiento-Fergusson, nyembamba, yenye kona za kutisha, inayopita ndani ya eneo la jeshi la Fort Hunter Liggett. Nayo moto wa Dolan na mvua zilizofuata ziliifunga kwa muda mrefu. Milima hii huungua mara kwa mara. Moto wa Soberanes wa mwaka 2016 uliwaka kwa karibu miezi mitatu. Magari ya zimamoto hufika kwa barabara ileile, na watu hukimbia kwa barabara ileile. Kuna mbuga za jimbo, msitu wa taifa wa Los Padres, na mamilioni ya watu wanaofika pwani ambayo sheria ya California inasema ni haki ya umma kuifikia. Ukiiacha barabara, pwani haigeuki kuwa pori huru. Inakuwa mali ya wachache wenye helikopta na mashamba makubwa, na gharama ya kuwaokoa watu haiondoki, inahamia kwenye bajeti nyingine.

Upande wa pili wapo wanaosema irudishwe ilivyokuwa, popote, kwa gharama yoyote, kwa sababu ni urithi. Hawa wana sheria upande wao: Sheria ya Pwani ya California ya mwaka 1976 inataka Barabara Namba Moja ibaki barabara ya mandhari yenye njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, katika maeneo ya mashambani. Naikubali sheria hiyo na naamini imeokoa pwani isigeuzwe barabara kuu ya njia sita. Ila imezoeleka kusomwa kana kwamba inaamuru barabara ibaki kwenye mstari uleule uliochorwa enzi za wafungwa wa San Quentin, jambo ambalo haisemi. Njia mbili zinaweza kupita mita 100 ndani zaidi. Zinaweza kupita ndani ya mwamba. Urithi hapa ni uwezo wa mtu yeyote mwenye gari kuukuu kusafiri ukingoni mwa bahari, na huo hauharibiki kwa sababu kona moja imesogezwa.

Na California imeshafanya hivyo, mara kadhaa, bila kelele nyingi. Karibu na mnara wa taa wa Piedras Blancas, kaskazini ya San Simeon, zaidi ya kilomita 4 za barabara zilihamishiwa bara kabla bahari haijazifikia, na ardhi ya zamani ikarudi kuwa ufukwe. Gleason Beach, kaunti ya Sonoma, nyumba zilikuwa zikianguka baharini moja baada ya nyingine na barabara ilikuwa inafuata. Ikasogezwa ndani na kujengewa daraja jipya refu juu ya kijito cha Scotty. Big Sur kwenyewe, pale Rain Rocks na Pitkins Curve, tangu 2014 kuna kitu ambacho wageni wengi hupita chini yake bila kukitafakari: paa la zege juu ya barabara, lililojengwa ili mawe yanayodondoka yapite juu na kuingia baharini, na kando yake daraja linaloacha udongo ushuke chini yake unavyotaka. Mhandisi aliyebuni hapo hakupigana na mlima. Aliupisha. Daraja jipya la Pfeiffer Canyon nalo lilijengwa bila nguzo hata moja bondeni, kwa dola milioni 24, kwa sababu nguzo ndizo zilizoangushwa na mteremko mara ya kwanza.

Mfano mkubwa kuliko yote uko kusini ya San Francisco, Devil's Slide. Kwa miongo kadhaa barabara pale ilifungwa kila baada ya miaka michache, na jimbo lilitaka kujenga barabara pana ya kupita juu ya mlima wa Montara. Wakazi na wanamazingira wakagoma, wakataka handaki. Mwaka 1996 wapiga kura wa kaunti ya San Mateo waliamua kwa asilimia 74 kwamba liwe handaki. Machi 2013 mahandaki pacha yalifunguliwa, kila moja likiwa na urefu wa kama kilomita 1.3, kwa jumla ya dola milioni 439. Barabara ya zamani ikawa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Hakuna aliyelalamika kwamba urithi umepotea. Kinyume chake, watu wanakwenda pale kwa ajili ya mandhari ambayo zamani dereva hakuthubutu kuitazama.

Kwa nini basi mtindo huu hautumiki Big Sur nzima? Sehemu ya jibu ni mlima wenyewe: Piedras Blancas kuna uwanda wa kurudi nyuma, Big Sur hakuna. Nyuma ya barabara ni mlima mwingine. Sehemu nyingine ni fedha, na hapa ndipo ninapowalaumu watunga sera kuliko wahandisi. Mfuko wa dharura wa barabara wa serikali kuu hulipa hadi asilimia 100 ya kazi za haraka za kurudisha usafiri zikifanyika ndani ya siku 270 za mwanzo baada ya maafa. Kazi za kudumu zinafuata viwango vya kawaida vya kugawana gharama, na maboresho yanayozidi hali ya awali yanapaswa kutetewa kwa hesabu kwamba yatajilipa. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 imelegeza kidogo kwa kazi za kujikinga na maafa yajayo, na hilo ni jema. Lakini mfuko unabaki wa dharura. Hauwezi kufadhili handaki mahali ambapo mlima bado haujashuka. Afisa wa Caltrans, idara ya uchukuzi ya jimbo, akitaka fedha za kurudisha njia iliyokatika, mlango uko wazi. Akitaka fedha za kuzuia isikatike, anapanga foleni pamoja na kila daraja bovu la California. Usishangae akichagua mlango ulio wazi. Hata mimi ningeuchagua.

Wapo watakaosema kwamba ukijumlisha, kutengeneza kila poromoko bado ni rahisi kuliko mahandaki. Kwa dola za Caltrans peke yake, huenda. Mud Creek iligharimu dola milioni 54, Devil's Slide milioni 439. Ila hesabu hiyo inaacha nje mapato ya biashara zilizofungwa, mishahara ya wahudumu waliohama, dereva wa gari la wagonjwa anayezunguka mlima mzima, na ukweli kwamba Mud Creek ni fundo moja tu kwenye uzi mrefu. Pia inajifanya kwamba maporomoko ya miaka 30 ijayo yatalingana na ya miaka 30 iliyopita, wakati moto unaunguza zaidi, mvua kubwa zinakuja kwa vishindo, na bahari inapanda.

Sisemi mahandaki yajengwe kila mahali. Nasema kila kipande kipewe uamuzi wake kabla ya msiba, na uamuzi huo uandikwe na kujulikana. Pengine vipande vingi jibu lake litakuwa kuvumilia: barabara itafungwa, na kaunti ya Monterey itakuwa imeshapanga shule, zahanati, akiba ya mafuta na njia ya Nacimiento vitaendeshwaje katika miezi hiyo, na wenye biashara watakuwa na bima inayoeleweka badala ya kuomba michango mitandaoni. Kufungwa kulikopangwa ni usumbufu, kufungwa kwa kushtukizwa ndiko kunakofilisi watu. Vipande vichache, vile ambavyo vimeshashuka mara mbili tatu, vinastahili daraja au handaki, na hapo wakazi wenyewe wapige kura kama walivyofanya San Mateo, maana bila ridhaa yao mradi wowote utakwama mahakamani.

San Mateo walipiga kura 1996 na kuendesha magari ndani ya handaki 2013, takriban miaka 17, mahali ambapo watu watatu kati ya wanne walikubaliana. Big Sur, yenye miamba mibaya zaidi, hifadhi ya bahari chini yake na wakazi wasiopenda kuambiwa, haitakwenda kasi zaidi ya hapo. Mjadala ukianza mwaka huu, tunazungumzia miaka ya 2040. Ningeulizwa waanzie wapi, ningetaja Paul's na Regent's, kwa sababu miaka mitatu ya kuchimba imewaachia vipimo vya miamba ambavyo hawakuwa navyo 2022, na kwa sababu nondo zilizopandikizwa pale zinashikilia mteremko ule tu, hazishikilii wa jirani yake.